Pampu Iliyojulikana na Mtu Mmoja

Habari za kifo chake zilinikuta sokoni hapa Kindu, nikibishana na muuza samaki, na mabishano yenyewe sikuyamaliza. Muuguzi wa kijiji kimoja kando ya barabara ya Kalima alinipigia simu kusema kuwa mama aliyetunza pampu yao ya maji amefariki, na mazishi ni kesho. Kisha akaongeza neno lililoninyima raha: pampu ilikwama tangu mama alipolala kitandani, majuma matatu sasa, na hakuna anayejua kuifungua. Wanawake wamerudi kuteka mtoni, na watoto wanaharisha. Kulipokucha nilivuka Lualaba kwa mtumbwi, nikachukua pikipiki Alunguli, na njia nzima nilikuwa nikijigombeza.

Nilimfahamu miaka ya vita, nilipoukimbia mji nikajihifadhi kwao. Pampu ilikuwa bado mpya, na waliofundishwa kuitengeneza walikuwa wawili: yeye na mwanamume mmoja jirani yake. Watu wenye bunduki walipenda kupiga kambi penye maji safi. Siku tuliposikia kwamba wako karibu, mama alizing'oa fito za chuma za pampu, akazichomeka kwenye paa la jiko lake katikati ya miti ya kawaida, na mpini akaufukia chini ya kuni. Mkubwa wao alipouliza maji yako wapi, alimjibu bila kupepesa jicho: "Pompi ilishakufa, chefu. Siye tunakunywa ya mutoni." Wakanywa ya mtoni siku mbili, matumbo yakawachafuka, wakaondoka. Lakini yule jirani walikuwa wamemkamata njiani, wakampiga mpaka akawaonyesha watu walikojificha mashambani. Hakurudi tena. Mama hakumlaumu hata mara moja, ila kuanzia hapo hakumwonyesha mtu yeyote kazi ya pampu.

Vita vikapita, pampu ikasimama tena, na yeye akabaki na desturi zake. Kila jioni aliuchomoa mpini akalala nao nyumbani. Pampu ikiharibika aliwafukuza watu wote, hata binti yake, akaitengeneza peke yake nyuma ya uzio wa mikeka. Nilipomtembelea miaka iliyofuata nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mwenye hajui, hata wakimupiga, hana kitu ya kusema." Nikamwambia vita vimekwisha. Akanitazama kama mtu anayemsikiliza mtoto. "Na ukigonjwa, mama?" nikauliza. "Watangojea nipone." Nilicheka. Niliporudi mjini nikaandika katika safu hii hii sifa tupu, nikimwita mlinzi wa maji, na ninyi wasomaji mkanipongeza. Nilisikia baadaye kwamba gazeti lile lilisomwa kwenye mkutano wa komite ya maji, watu wakapiga makofi, na komite haikukutana tena. Kukutana kwa nini, na mlinzi yupo? Mficha maradhi, kilio humfichua. Maradhi ya kijiji kile mimi nilisaidia kuyaficha, tena kwa Kiswahili kizuri.

Tangu simu ile ya muuguzi, majuma machache sasa, siwezi kupita barabara zetu kwa utulivu. Kwenda Kampene, kwenda Kibombo, naona pampu zilizosimama kavu, mbuzi wamefungwa kwenye shingo zake, na kila mtu anasema vipuri vimekosekana. Huenda ni kweli. Lakini sasa nashuka na kuuliza nani alijua kuifungua, na mara nyingi naonyeshwa kaburi, au naambiwa alikwenda kuchimba madini ya kasiterite, hajarudi. Tunampenda shujaa kwa sababu anatupumzisha. Yule mama simlaumu. Hofu yake iliokoa watu, nami nilikuwa mmoja wao. Linaloniuma ni kwamba tuliiona ikiendelea kufanya kazi baada ya bunduki kuondoka, tukaiita uaminifu.

Nilipofika msibani nilikuta maji ya kumwoshea maiti yakiletwa kutoka mtoni, yakipita mbele ya pampu yake. Nililia, na sioni haya kusema. Baada ya mazishi, mchana, binti yake alitoka na mfuko wa spana, akatandika mkeka karibu na pampu, akawaita wanawake, wazee wa komite na muuguzi. Hakuna aliyejua pa kuanzia. Walizungusha huku, wakazungusha kule, kila mtu akipewa zamu yake, mpaka fito zikaanza kutoka moja moja. Mwisho ikatoka raba ya ndani inayovuta maji, imepasuka katikati. Nikatoa daftari nikamuuliza yule binti nani atakuwa mtunzaji sasa, ili nimwandike. Akanitazama kwa uchovu. "Papa, weka kwanza ile kalamu. Kuja ushike chuma, na wewe ujue."

Nilishika. Maji hayakutoka siku ile. Nilirudi mjini na ile raba kama kipimo, nimezunguka maduka matatu bila kupata ya ukubwa wake, na kesho nitakwenda kuwauliza mafundi wa reli. Msomaji, kama kwenu kuna pampu inayotoa maji, usimsifu anayeitunza. Nenda leo, maji yakiwa bado yanatoka, umwombe aifungue mbele ya watu wote.