Dagaa Nyuma ya Goli

Mkicheka chekeni, mimi nimeshazoea, maana pale Kirumba hata watu nisiowajua wananiita Mama Nyasi Bandia, na jina hilo sikupewa kwa sifa. Aibu yenyewe nimekaa nayo muda mrefu, leo naitoa yote ili angalau muisikie kwangu mimi, si kwa wale wanaoongeza chumvi kwamba eti nilipika.

Nilikuwa mfagiaji kwenye kiwanja kipya cha mazoezi, kile kilichotandikwa nyasi bandia ili timu za nje zikitumie mashindano ya kimataifa yatakapofika. Tulikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu, na msimamizi wetu, Injinia Mugisha (Mhaya wa Bukoba, mtaratibu, shati limepigwa pasi hadi unaogopa kumsogelea), alishatuambia wakaguzi wa mashindano wakiondoka salama atatusainisha mikataba ya kudumu. Mkataba ule nilikuwa nauota. Tangu mume wangu aumie mgongo, nyumba yetu kule Buswelu inanitegemea mimi, na nilikuwa nimechoka kulala bila kujua kesho nina kazi au sina.

Sasa ugonjwa wangu mimi ni udadisi. Zile nyasi siku ya kwanza nilizishika, nikazinusa, nikavuta moja nione kama ina mzizi (haina), nikavua ndala nikakanyaga saa saba mchana, nikaruka kwa kelele. Zinachoma! Katikati yake kuna punje nyeusi za mpira, nazo zikipigwa na jua ni kama kikaango. Nikawa najiuliza kila siku, hivi joto lote hili linapotea bure?

Siku ya mkasa nilipita soko la samaki la Mwaloni alfajiri nikachukua ndoo ya dagaa wabichi, nia yangu nitoke saa sita nikawaanike nyumbani juu ya mawe kama siku zote. Nafika kazini, Injinia anatangaza hakuna kutoka mpaka jioni, wakaguzi wanakuja saa tisa. Dagaa wabichi na jua la Mwanza mnajua wenyewe, hadi jioni ningebaki na ndoo ya uvundo. Nikasema moyoni, ngoja nijaribu dagaa mmoja tu. Mmoja! Nikamlaza nyuma ya goli la upande wa ziwani, nikaenda kufagia jukwaa, kurudi namkuta amekauka, ukimgusa anavunjika. Na hana mchanga! Jamani, nyie mliowahi kutafuna dagaa wa mchanga mnanielewa, nilisimama pale namwangalia utafikiri nimevumbua umeme. Nikaongeza konzi moja, halafu nikaona kwa nini nijitese, nikamwaga ndoo nzima nikawatandaza vizuri kutoka nguzo hadi nguzo, nikijiambia saa nane nakusanya, hakuna atakayejua.

Saa saba na nusu geti likafunguliwa. Wakaguzi wamewahi.

Nilikimbia na ufagio, lakini dagaa mkavu akishazama kwenye nyasi zile hatoki, kila nikifagia anazidi kuingia ndani na punje za mpira zinamganda. Hapo ndipo korongo waliposhuka, wale ndege wa Mwaloni wenye vipara na mfuko shingoni, mmoja, watatu, mwishowe kumi na mmoja (niliwahesabu, siwezi kujizuia), wakajipanga golini kabisa. Nawafukuza huku, wanarudi kule. Mzee Masanja, mlinzi wetu wa geti, akaja mbio na rungu.

"Mayu wee, mama, umefanya nini?"

"Shikamoo mzee, nisaidie kwanza, maswali baadaye!"

Hata marahaba hakuitikia. Wakaguzi walikuwa goli la pili, wana kibao cha mteremko, wanaachia mpira ushuke halafu wanapima umebingirika umbali gani. Nikaomba waishie kule kule. Hawakuishia. Wakaja upande wetu, korongo wakapisha kidogo tu, mpira ukaachiwa, ukatembea, ukaingia kwenye dagaa, ukasimama. Mkuu wao, mama mmoja mrefu, akauokota. Dagaa watatu wamenasa. Akawanusa.

Injinia akamgeukia mlinzi. "Mzee Masanja! Geti si lako? Nani kaingiza uchafu huu? Leo ndiyo mwisho wako hapa!"

Mzee alinitazama mara moja, akainamisha kichwa. Alikuwa anajua, na hakunitaja. Nikaufikiria ule mkataba, nikamfikiria mume wangu kitandani, na nakiri kwenu kwamba kwa muda fulani nilitaka kunyamaza.

"Ni mimi, Injinia. Dagaa ni wangu. Nilikuwa nawaanika."

Ikabidi amtafsirie yule mkuu wao, mgeni asiyejua Kiswahili, na kumsikia mtu mwenye shati lile akiongea Kiingereza chake kizuri halafu katikati anataja dagaa, nilitamani ardhi ipasuke. Mgeni akauliza kitu. Injinia akanigeukia kwa shida.

"Anauliza walikauka kwa muda gani."

"Nusu saa hivi," nikasema. (Mwenzangu kwa udadisi, huyu!)

Yule mama akachomeka kipimajoto kwenye nyasi, akatikisa kichwa, akaandika kwamba hakuna timu itakayofanya mazoezi pale mchana mpaka mitambo ya kumwagilia iwekwe. Yaani dagaa wangu wakawa ushahidi.

Nilipiga magoti hadi jioni nikiokota mmoja mmoja kwa vidole, waendesha bodaboda wamejazana kwenye uzio, kila nikiinua dagaa wanapiga kelele, "Gooo!" Injinia akaja akasimama pembeni yangu.

"Mama Kabula, ungenyamaza ningemfukuza mzee wa watu bure."

Niliendelea kuokota.

"Wenzako hawana kosa, nimewasainia. Wako siwezi. Lakini kesho njoo, tunaanza majaribio upya."

Nililia njia nzima, kwa aibu na kwa ahueni, sijui ipi ilizidi. Miezi mitatu mingine! Tangu siku hiyo nimeapa, kitu cha kazini nitakiuliza kwa mdomo, sitakijaribu kwa mikono. Wiki iliyopita wameezeka jukwaa kuu kwa bati jipya, linang'aa, tambarare, hakuna kivuli, na mimi napita chini yake nimeinamisha macho, wala sitaki kujua lingekausha kwa dakika ngapi.

Haya, nataka kujua. Lakini sipandi.