Nilimpeleka Mke Mwenzangu Stoo kwa Simu, Sasa Kaachika

Assalamu alaykum Admin na nyote mnaosoma. Jina langu lisitiri, maana Pemba hii ndogo, mtu akipiga chafya Wete anaombewa rehema Chake. Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu, na ni mke mkubwa. Kazi yangu ni fundi wa kompyuta na simu kwenye hospitali moja ya binafsi. Mume wangu yuko maabara hapo hapo. Mke mwenzangu anakaa Kengeja na mwanawe mmoja.

Hospitali yetu ina mashine ya kuongoza simu. Simu yoyote ya nje inapita hapo kwanza, mashine inatazama namba inayopiga, siku na saa, kisha inafuata kanuni nilizoiandikia mie: hii ipeleke mapokezi, hii ipeleke maabara. Maabara simu za mkononi haziruhusiwi, mume wangu huizima yake akaifungia kabatini. Kwa hiyo mimi na mwenzangu tukimtaka tunapiga ya hospitali.

Zamu yetu ni wiki kwa wiki, anahama Ijumaa. Basi ikifika wiki yangu, mwenzangu simu haimtoki mkononi! Mara gesi imekwisha, mara mtoto anakohoa, na bwana akisikia mtoto tu, huyo, kashaondoka. Siku moja nilimpikia muhogo wa nazi kwa papa, anavyoupenda, ukakaa mpaka ukaganda. Nikasema ala, mie ndo fundi, halafu nachezewa kwa mashine yangu mwenyewe? Kesho yake nikaandika kanuni: wiki yangu, namba ya bibi huyu isende maabara, iende stoo ya vitanda vibovu. Kule ipo simu ya ukutani hakuna anayeisikia. Yeye ataisikia inaita, basi. Nilicheka peke yangu, Mungu anisamehe. Nikajiambia simdhulumu mtu, natetea haki yangu.

Sasa sikilizeni. Mashine inaihesabu Alkhamisi mpaka saa sita ya usiku. Sisi jua likishatua Alkhamisi ni usiku wa Ijumaa, zamu imeshahama. Mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo. Mie niliandika kanuni kwa hesabu ya mashine, na nilipogundua nikaiacha vile vile. Saa chache tu, nikasema, zitamuua?

Alkhamisi moja mume wangu alikuwa kazini mpaka isha, akitoka aende zake Kengeja. Baada ya magharibi mtoto wa kule akashikwa na degedege. Mamaake akapiga, akapiga, akapiga. Mwisho kaka yake ndiye aliyemleta mtoto hospitalini kwa gari yake, nami nilikuwa bado kazini. Na huyo kaka na mume wangu, tangu uchaguzi hawasalimiani kwa mambo ya vyama, hata mazikoni wanakaa mbalimbali.

Kaka mtu aliingia anafoka. "Mtoto anakufa, wewe simu hupokei!"

"Simu gani? Hapa haijalia hata mara moja!"

Mwenzangu, kanga imemvuka kichwani, analia. "Wallahi nimepiga, mume wangu. Nimepiga hata nimechoka."

Mtoto alihudumiwa, akapata nafuu, alhamdulillahi. Lakini mume wangu hasira zilikuwa hazijamshuka. Akanigeukia mbele yao wote. "Wewe ndo fundi. Mashine ina ubovu?"

Jamani, ulimi huu! Nikamjibu, "Mashine nzima. Simu zote zinaingia."

Akamwambia mwenzangu, "Kaka zako ndo waliokukataza kunipigia, ili nionekane sina maana kwa watu wa chama changu. Nenda nao kwenu. Nimekupa talaka moja."

Kanuni niliifuta kesho yake asubuhi. Neno langu sikulifuta.

Tangu hapo wiki zote zangu, na sina raha nazo. Bwana akirudi anakaa ukumbini, chakula anakidokoa. Ninaijua dawa yake. Eda haijesha, anaweza kumrejea mkewe kwa neno moja tu, na neno hilo linangoja langu. Na nikwambieni ukweli wote: kuna siku namtazama kakaa kwangu, nafsi inaniambia nyamaza, zamu zimeshakuwa zako.

Juzi mwenzangu kanipigia. Nilidhani atanitukana. Akanisalimu kwa adabu, akaulizia wanangu mmoja mmoja, kisha akasema, "Bi Mkubwa, tohara ya tatu ikifika eda imekwisha, ndo basi tena. Mie sijui mashine, wewe ndo unaijua. Mwambie tu umeitizama tena, umeona siku ile ilikuwa mbovu. Wewe atakuamini."

Nikamwambia ntatizama. Akasema, "Mungu akulipe kheri, dada yangu. Nakuombea kila sala."

Dada yangu! Sijawahi kumwita mimi hivyo hata siku moja.

Nimesikia uongo wa kupatanisha watu unaruhusiwa. Nikisema mashine ilikuwa mbovu, mtoto anarudishiwa babaake, ndoa inapona, mie nabaki na mume na kazi yangu. Ila mwenzangu ataniombea dua mpaka anakufa, nami nitakuwa naitikia amin. Nikisema kweli, talaka ijayo huenda ikawa yangu, na kazini pia sina pa kurudi.

Siku zake zinakwisha, ndugu zangu, nisemesheni. Nikamwambie mume wangu mbovu ilikuwa mashine, au mbovu nilikuwa mie?