Majani ya Bondeni na Ng'ombe wa Naisula

Naisula aliolewa Makumira akitokea magharibi ya Mlima Meru, na tangu hapo maisha yake yamekuwa ni kukata majani. Ng'ombe wake haendi malishoni. Yuko bandani, na kila anachokula kimebebwa na Naisula kichwani. Sasa mtu wa namna hiyo, bonde la maji lililo chini ya kijiji chao analijua kwa nyayo.

Ukishuka huko, kwanza unakanyaga udongo mwepesi wa majivu ya mlima. Hapo utaona vifusi vya fuko, maana fuko hachimbi penye maji. Chini kidogo ardhi inakuwa nyeupe kwa magadi. Majani yake ni mafupi na magumu, lakini ng'ombe anayapenda kwa ile chumvi, na konokono humwoni. Halafu ndiyo unafika kwenye tope jeusi, linanuka kama yai viza. Tope lile limeshiba maji, hewa haipenyi, na mmea usioweza kushusha hewa mpaka mizizini unaoza. Ndiyo maana mahindi hayakai pale, yanakaa matete na ndago. Konokono wadogo wamejaa, na korongo weusi wanawafuata kuwala.

Naisula akiona korongo wale wamesimama mahali, hakati hapo. Konokono hao hubeba mdudu anayekuja kuganda kwenye majani, na ng'ombe akiyala, mdudu anahamia kwenye ini.

Ng'ombe mwenyewe alimpata kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Kikundi cha akina mama kilimpa mtamba, jike ambaye hajazaa, naye ndama jike wa kwanza atamkabidhi mwenzake anayefuata. Anayefuata ni Diana, mwenyeji wa Kilimanjaro, ambaye mumewe ni fundi wa magari kule Ngarenaro. Mtamba aliposhika mimba, Diana akawa haishi kuja kwa Naisula, Mama Lesian, na yule ng'ombe akamwita mkwe kwa utani.

"Shikamoo, Mama Lesian. Nimekuja kumwona mkwe."

"Marahaba. Mkwe amekula, amelala. Wewe ndiye hujala, kaa hapo."

Kiangazi kilipokaza, goti la Naisula likavimba, bonde likawa mbali. Diana akasema hilo lisimsumbue, ataleta majani yeye. Akaleta kweli, mizigo mikubwa, mibichi, inadondosha maji njia nzima. Ng'ombe akala mpaka akafumba macho.

"Unaona anavyotafuna?" Diana akasema. "Mwanangu ananenepa humo ndani."

Naisula aliona. Aliona ndago, akaona na tope jeusi kwenye vikonyo. Yeye mwenyewe, akilazimika kukata huko, huyaanika juani siku nyingi mpaka yawe makavu kabisa. Alitaka kusema. Lakini mtu amepanda mlima na mzigo kichwani, amekuletea ukiwa mgonjwa, utaanzaje kumwambia akautupe? Akasema asante, mwanangu. Kesho yake akasema asante tena. Ikawa hivyo kiangazi chote.

Mvua za kwanza zilipoanza, ng'ombe alikuwa amekonda mgongo, tumbo tu ndilo kubwa, na chini ya taya pananing'inia uvimbe laini kama kibuyu. Elihuruma, bwana mifugo, akaubonyeza, akavuta kope akakuta ndani peupe kwa kukosa damu.

"Hii ni minyoo ya ini," akasema. "Mama, wewe si ndiye unayewafundisha wenzako wasikate kwenye matope? Nani amemlisha huyu?"

Diana alikuwa amesimama mlangoni mwa banda. Akashusha macho.

"Nimemlisha mimi," Naisula akasema. "Majani niliyaona, nikayajua, nikayaweka kwenye hori kwa mikono yangu."

"Mama Lesian, usinifiche," Diana akadakia. "Nilikata mimi. Niliona kijani nikajua ndiyo chakula. Sasa ndama atakufa?"

Elihuruma alimpa ng'ombe dawa inayofaa kwa mwenye mimba, akasema ng'ombe atapona akilishwa vizuri, ila kuhusu ndama yeye hawezi kuahidi kitu.

Miezi ya mwisho ilikuwa ya kusubiri. Diana hakutania tena habari za mkwe. Alikuja asubuhi, akafagia banda, akaondoka.

Ndama akazaliwa jike, hai, mbavu zinahesabika. Diana akamtazama kwa muda mrefu.

"Mbona kama mbuzi?"

"Ndiye huyo," Naisula akasema. "Kikundi kinakuruhusu kumkataa ukasubiri uzao unaofuata. Atakusumbua, sikudanganyi."

"Nikimkataa, nani atamtaka?"

"Mimi nitabaki naye."

"Aa, hapana. Wangu huyu." Diana akachuchumaa, akamfuta puani kwa kitenge. "Akiachishwa tu maziwa, namchukua. Ila mimi kukata majani bado sijui."

"Na mimi kusema nilichelewa. Kachukue mundu."

Wakashuka, Naisula mbele na fimbo yake. Kule chini matete yalikuwa yamesimama kijani kibichi, na Diana, kwa mazoea, akaelekea huko.

"Wewe! Unaenda wapi?"

Diana akasimama. Akawaona korongo. Akarudi mpaka kwenye ardhi nyeupe, akapiga magoti, akaanza kukata yale majani mafupi. Jua likapanda, na mzigo bado haujafika hata nusu.

"Haya yatajaza hori lini, mama?"

"Polepole," Naisula akasema, naye akainama upande wa pili.