Umeme wa Upepo Nyumbani kwa Mama Mkwe

Nilitoka Songwa kwa sababu mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa amerudi kwao Kharumwa kwa hasira. Nilikuwa nimefungua feni yake mpya, aliyoinunua akisubiri umeme ufike kwetu, nipate mota ya kutengenezea umeme wa upepo, na umeme wenyewe haukutoka. "Nitarudi siku upepo wako utakapowasha hata taa moja," alisema. Nyumba ilinishinda bila yeye, nikaamua kumfuata na mabawa yangu matatu ya bati.

Saa nane mchana nilishuka Katoro. Nilinunua dinamo kuukuu kwa fundi wa mashine za wachimbaji dhahabu.

"Hii itawasha taa kweli?"

"Wewe leta upepo tu, bosi," alinijibu.

Kesho yake asubuhi nilifika Kharumwa. Kwetu Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, kwa hiyo mama alikaa ndani, tukazungumza kupitia kwa mke wangu.

"Mwambie mama, mwangaluka," nilimsalimia kwa Kisukuma.

"Ameitika. Anasema usimwangushie nguzo kwenye bati."

Nilisimamisha nguzo uani, nikavuta waya mpaka kwenye taa ya sebuleni, kisha nikapanda na dinamo na mabawa. Kule juu dinamo ilikuwa inacheza na kamba zimeniishia, basi nikavua mkanda wa suruali nikaifunga nao, ikatulia. Nilijiona injinia kabisa.

Hapo upepo wa kiangazi, ambao miaka yote hutujaza vumbi tu, ukaja kwa nguvu. Mabawa yakazunguka. Ndani taa ikawaka. Suruali nayo ikashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, na mikono yangu yote miwili imeng'ang'ania nguzo.

Mama mkwe alipiga vigelegele, akatoka mbio kuja kuitazama mashine. Akatazama juu. Vigelegele vikakatika, mlango ukabamizwa.

"Mama Kulwa!" nilipiga kelele, nimeiva kwa aibu. "Taa imewaka! Utarudi?"

"Leo leo, Baba Kulwa," alisema huku akifuta machozi ya kicheko. "Mama ameapa hatoki nje mpaka uondoke, na choo kiko uani."

Jioni tulikuwa kwenye basi, tumebanana kiti kimoja kwa raha zetu. Nimejifunza kwamba upepo wa kuwasha taa tunao tele. Kharumwa sasa majirani wanachaji simu kwa mama mkwe. Songwa bado tunawasha kibatari, maana mke wangu amenikataza kupanda nguzo yoyote mpaka fundi cherehani anishonee ovaroli.