Ukungu Kwenye Miwani

Niliarifiwa kifo cha dada yangu nikiwa Matuga, ambako nilifundisha sayansi miaka ya mwanzo ya Uhuru. Aliyeniarifu alisikia kwa dereva wa lori, na dereva alisikia sokoni. Nilifunga safari ya Bodo bila kulia, kwa kuwa hakuna kati yao aliyemwona.

Nilimkuta amelazwa kuelekea kibla. Shangazi alikwisha kumfumba macho na kumfunga taya kwa kitambaa, na kaburi lilikuwa likichimbwa ili azikwe kabla ya adhuhuri. Nilivua miwani nikaisogeza puani mwake. Kioo kiliingia ukungu.

"Shangazi, fungua kitambaa. Anapumua."

"Mwalimu, muachie maiti heshima yake."

"Si maiti. Tazama mwenyewe."

Mjomba alichungulia mlangoni, magoti yamejaa udongo. "Mngesema mapema! Sisi tumeshafika kwenye mwanandani."

"Basi lala wewe humo," shangazi alimkemea, vidole vikihangaika na fundo.

Tulimkimbiza hospitali kwa gari la kuazima. Kila kifua chake kilipotulia, nilimpulizia pumzi yangu kinywani.

Daktari aliniuliza habari zake. Nilimwambia niliyoyaona kila nilipokuja likizo, na aliyonieleza shangazi njiani: kwamba kwa miezi mingi kope zake zilianguka jioni na sauti ikafifia, wazee wakamchezea ngoma ya pepo, na kwamba siku chache zilizopita zahanati ilimwanzishia sindano za kifua kikuu. Akanieleza kwamba neva haigusi msuli. Kati yao pana mwanya mwembamba, na neva humwaga humo kemikali inayouamrisha msuli ukaze. Sindano ile hupunguza kinachomwagwa. Mwenye afya ana akiba, hahisi kitu. Misuli ya dada yangu ilikuwa na ugonjwa uliokwisha kuimaliza akiba hiyo. Kinachoisukuma neva imwage ni kalisi, madini yaleyale yanayojenga mifupa, hivyo daktari alimdunga kalisi mshipani, polepole, huku muuguzi akimpa hewa kwa mpira wa kubinya. Nilisimama pale hadi kope zilipocheza.

Nyumbani walisema pepo ameridhika. Mimi niliiona sindano ikiingia.

Sauti iliporudi, dada yangu hakuomba maji.

"Nilikuwa nasikia," alisema.

"Ulisikia nini?"

"Yote. Yasini. Waliogawana kanga zangu. Jembe, kaka. Nililisikia jembe. Nikaitikia kila aliyenililia, na hakuna aliyejibu."

Nilimsogezea kikombe cha maji, akageuza uso.

"Nitakapokufa kweli," akasema, "usikubali kuambiwa. Njoo uone."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, bila sindano zile za kifua kikuu, na kila mtu alipozikwa kijijini alifunga madirisha yake. Siku yake ilipofika, nilikwenda. Nilimwekea miwani puani, nikaifuta, nikaiweka tena. Kioo kilibaki safi. Daktari alikwisha kumpima, nami nilimshika mshipa wa shingo hadi mkono ukafa ganzi. Waliosubiri uani walianza kunung'unika.

"Mwalimu, jua linakwenda," mjomba alisema kwa upole. Alikuwa mzee sana.

Niliwaruhusu. Lakini kabla ya waoshaji kuingia niliinama sikioni mwake, nikamweleza kwa mpangilio kila kitakachofanywa na nani atakayekifanya: maji, sanda, jeneza, udongo. Na nilipofika kwenye jembe, nilimwambia kwamba wamekwisha kuchimba, hatalisikia.