Siku Mpwa Wangu Alipokataa Kuapa

Shule niliiacha darasa la tatu, na sisemi kwa aibu. Nilianza maisha kwa kubangua korosho za watu kwa moto, mafuta yake yakanichuna vidole mpaka ngozi ikawa inatoka kama ganda la muhogo uliochemka. Leo nina mikorosho yangu mwenyewe hapa Newala, nina nyumba ya bati, na watoto wawili wa dada yangu niliwasomesha mimi. Baba yao alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji akanyamaza huko huko. Halikutuletea njaa hilo, maana kwetu mtoto ni wa mjomba. Baba ni mgeni anayepewa kiti kizuri.

Wote wawili ni mabinti. Mkubwa alikuwa kidato cha tano, bweni, Masasi mjini. Mdogo alikuwa bado shule ya msingi, anacheza mpira wa rede na wenzake. Mkubwa ndiye aliyetuletea maneno.

Jambo lenyewe ni hili. Kwetu msichana hawi mtu mpaka achezwe unyago. Anawekwa ndani na wenzake, kina mama wanamfundisha, siku ya kutoka anacheza ngoma na watu wanamtunza khanga. Wanayofundishwa humo mimi mwanaume siyajui na sijawahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba asiyechezwa ni mtoto, hata awe na mvi. Penye watu wazima haketi, na maiti haioni. Mpwa wangu mkubwa, umri wake ulipofika, alikuwa anasoma bweni kule Lukuledi. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, kila likizo ana masomo ya ziada, mpaka akarefuka kunizidi bado hajachezwa.

Disemba moja tulikuwa shambani tunaokota korosho za mwisho, mimi, dada yangu na mabinti wake. Dada yangu akamwambia mkubwa, "Mwezi huu wadogo wa mtaani wanaingia unyagoni. Ingia nao, tumalize."

"Mama, niingie na watoto wa darasa la tatu?"

"Utaingia na nani? Wenzako wana watoto mgongoni."

Mdogo alicheka mpaka akamwaga ndoo. Mkubwa hakucheka. "Mimi nina swali tu," akasema. "Jina nilipewa. Dini nilipewa, kabila nilipewa, hata shule alinichagulia mjomba. Sasa mnataka kunipa na utu. Mimi mwenyewe nilikuja na nini duniani?"

"Njaa," nikamwambia. "Hiyo umekuja nayo mwenyewe. Okota."

Akaokota, lakini mdomo hakuufunga. "Na siku hizi nikiswali, mjomba, sijui naongea na nani. Naswali ili mama asilie."

Dada yangu akasimama wima, mkono kiunoni. Nilidhani atamchapa. "Afadhali wewe unajua kwa nini unaswali," akasema. "Wengi hapa hawajui." Kisha akanigeukia. "Kaka, mwenye mtoto ni wewe. Sema."

Nikasema simlazimishi. Mimi hakuna aliyenishika mkono kufika hapa nilipo. Kama hataki, hataki. Dada yangu akasema haya, akainama kuendelea na kazi yake. Hata leo ningesema vile vile. Ila kuna mlango ambao neno la mjomba linaishia nje yake, na mimi wakati ule nilikuwa sijaukuta.

Masika iliyofuata dada yangu aliugua tumbo. Tukampeleka hospitali, tukamrudisha, tukampeleka tena. Mara ya mwisho tulimrudisha amefunikwa.

Kwetu mtu haambiwi msiba akiwa mbali. Anaambiwa njoo, mama anaumwa kidogo, kisha anateremka kwenye gari anakuta turubai na watu wamekaa chini. Mchezo huo siupendi. Nilikodi gari nikashuka Masasi mwenyewe, nikaomba mpwa wangu aitwe getini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mama yako amefariki alfajiri."

Mlinzi wa geti alinitazama kama nimempiga mtoto. Mpwa wangu alisimama tu, viatu vya mvua miguuni, tope mpaka magotini. Halafu akauliza, "Wameshamwosha?"

"Bado. Wanakungoja ufike."

"Basi twende. Nitamwosha mimi."

Njia nzima ya kupanda mlima hakulia. Aliuliza kama maji yamechotwa, kama sanda imenunuliwa. Mbele kidogo akasema, kama anajisemea, "Sisi wanawake makaburini hatuendi. Nikishamwosha ndiyo basi." Hapo nikakumbuka nani amekaa mlangoni.

Tulipofika, mlangoni mwa chumba alimolazwa dada yangu alikuwa amekaa nyakanga, yule bibi anayeongoza unyago wa mtaa wetu. Dada yangu alichezwa na yeye. Mama yetu alioshwa na yeye. Mpwa wangu akapiga goti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pole sana. Nenda jikoni ukakae na wadogo zako."

"Nimekuja kumwosha mama."

"Najua. Nenda jikoni."

"Bibi, mimi ni mtu mzima. Nina kadi ya kupiga kura."

"Humu hatupigi kura."

Mtani wetu mmoja, mzee wa Kiyao kutoka Masasi, alikuwa amejifunga khanga ya marehemu na kuketi njiani akiwatania wafiwa, kama ilivyo kazi ya mtani msibani. Akapaza sauti, "Wamakonde nyie, mwacheni msomi aingie! Labda kasoma dawa ya kufufua!" Watu wakaangua kicheko. Mpwa wangu akamgeukia akamtazama, bila hasira, kama anayesubiri kuelezwa zaidi. Mzee akavua ile khanga, akaikunja, akaiweka mkekani.

Nikamwita shehe pembeni. Akaniambia wazi kwamba kwa dini binti ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumwosha mama yake. Nikamwambia basi kawaambie hao. Akatazama viatu vyake. "Mambo ya kina mama hayo, mzee wangu. Mimi kesho nataka kuishi nao." Mpwa wangu alisikia yote. "Unaona, mjomba?" akaninong'oneza. "Leo hata dini iko upande wangu, na bado niko nje."

Nyakanga si mtu mbaya. Nina hasira naye mpaka leo, lakini si mtu mbaya. Aliinuka kwa tabu, akamshika mpwa wangu mkono, akamwambia taratibu, "Wewe nilikupokea kwa mikono hii ulipozaliwa. Nataka uingie. Apa mbele ya mama hawa kwamba likizo ijayo utachezwa. Ukiapa tu, mimi nakuhesabu mwali wangu, unaingia sasa hivi."

Nikamvuta mpwa wangu nyuma ya banda la kuku. "Apa."

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Utarudi shule, utakwenda chuo, nani atakufuata huko? Si unasema huamini?"

"Ndiyo maana siwezi."

"Sikuelewi."

"Anayeamini, mjomba, anaweza kuapa uongo kisha akatubu. Ana wa kumsamehe. Mimi nikidanganya kwenye mlango wa mama, nitamwomba nani msamaha?"

"Basi apa kweli. Kisha uchezwe kweli."

Kuku walikuwa wanaparura miguuni petu. "Nikifanya hivyo," akasema, "atakayeingia mle ndani siyo mimi."

Mimi si mtu wa kushindwa. Nilikwenda mlangoni nikasema kwa sauti: mwenye msiba ni mimi, na mtoto huyu anaingia. Nyakanga hakubishana. Akajitanda khanga yake. "Sawa, mwanangu. Sisi tutoke, amwoshe peke yake." Mle ndani nikasikia mikeka inakunjwa. Jua lilikuwa limepanda. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Mtu mmoja hawezi kumgeuza maiti, kumkafini, kumwinua. Nikasema, "Kaeni."

Nilipogeuka, mpwa wangu alikuwa ameshakwenda jikoni bila kuambiwa tena.

Kule jikoni watoto walikuwa wameambiwa kwamba mama amesafiri, maana ndivyo mtoto anavyoambiwa. Mdogo wake akamuuliza, "Dada, kwani mama kaenda wapi?" Akamjibu kweli: mama amekufa, wako ndani wanamwosha. Kilio cha yule mtoto kilivuka ua mzima. Wanawake wakasonya. Jeneza lilipotolewa, mkubwa alisimama kwenye mlango wa jiko amembeba mdogo wake, mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia. Kutoka pale walipokuwa waliona tu migongo ya wanaume na kipande cha khanga iliyofunika jeneza. Hicho ndicho alichoagana nacho.

Alirudi shule. Arobaini hakuja. Disemba akaja, akanikuta nafungua bomba la mashine ya kupigia salfa mikorosho, niihifadhi mpaka msimu ujao.

"Mjomba, mdogo wangu achezwe mwezi huu."

Nikaacha bomba. "Si wewe uliyekataa?"

"Na bado nakataa. Kwangu."

"Sasa?"

"Watu husema mwosha huoshwa. Nilikuwa nafikiri ni maneno ya kujaza khanga. Sasa nalala nayafikiria. Sitaki na yeye akae jikoni siku nyingine kwa ajili ya kichwa changu."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Hapana."

"Yule binti aliyelalamika shambani kwamba kila kitu alipewa, umemweka wapi?"

"Ninaye," akasema. "Ndiye anayenikosesha usingizi."

Nikatoa kibali. Mchele nilitoa, na mbuzi nilitoa, maana jambo la mpwa wangu halifanywi kinyonge.

Siku ya kutoka, yule mdogo alikuja na wenzake amepakwa mafuta, khanga mpya, macho chini. Miguu ile ile ya kucheza rede ilikuwa inatembea kwa hesabu. Mkubwa akapenya kwenye watu akamtunza khanga, akamfunga begani. Mdogo akapiga goti kidogo, kama anavyomfanyia mgeni. Chakula kikaletwa, wanawake wakakaa mkekani kuzunguka sinia, na mwali akakaribishwa katikati yao. Mkubwa akavua viatu ili akae pembeni ya mdogo wake.

Mdogo akamshika mkono. Hakuwa na dharau, hilo nililiona. Aliogopa kukosea siku yake ya kwanza.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "huku wanakaa watu wazima."

Nyakanga akatazama pembeni. Mkubwa akasema, "Haya," akavaa viatu vyake kimoja kimoja, akabaki amesimama pale uani hana pa kwenda. Jikoni kulikuwa na watoto wa darasa la kwanza.

Nikamwita aje kwenye viti vya wanaume, akae na mimi. Akaja. Wazee wawili niliokuwa nao wakachukua bakora zao wakahamia kwa wenzao. Nikasogeza sinia mbele yake.

Hakula. Alikuwa anamwangalia mdogo wake akifundishwa jinsi ya kuupokea mfupa wa nyama ya mbuzi kwa mikono miwili.

"Mjomba," akaniuliza, "siku ukifa wewe, mimi nitakaa wapi?"

Nikamwambia ale, wali unapoa.