Bahari Iliyokataa Kukaa Tabaka

Ofisini walimwita Mama Chumvi, na jina lilimkaa kwelikweli. Kazi yake ilikuwa kuunda ndani ya kompyuta bahari za ncha za dunia, kule kwenye barafu, ambako mwenyewe hakuwahi kutia mguu. Kiyoyozi tu kilimtoa makamasi! Lakini muulize maji ya kule yamepangana vipi, atakueleza mpaka chai ipoe: juu maji ya baridi yenye chumvi kidogo, chini maji ya vuguvugu yenye chumvi nyingi, na chumvi hiyo ndiyo inayoyatia uzito yasipande.

Basi bahari yake ikakataa kata kata kukaa hivyo. Miaka tisa! Kila akiiendesha, tabaka la joto linatoweka. Vipimo vilivyoletwa na meli vilikuwa na mapengo, tena palepale kwenye kina alichokitaka. Lawama akamtupia Fundi, mzee mpole aliyesafiri kila mwaka kushusha vyombo vya kupimia majini. "Havisafishwi vizuri," aliandika kwenye ripoti mwaka wa kwanza, wa pili, hadi wa tisa. Sasa mkuu wa idara alikuwa amechoka. Ijumaa saa sita mchana angefunga orodha ya safari, na Fundi hayumo. Ilikuwa iwe safari yake ya mwisho kabla ya kustaafu.

Alhamisi jioni, nyumbani, mama mzazi wa Mama Chumvi, koo likimkereketa, aliomba maji ya chumvi ya kusukutua. Mama Chumvi akakoroga chumvi tele kwenye nusu glasi ya maji ya moto, akajazia ya baridi juu yake polepole, akili iko kwingine kabisa.

Mama yake akaonja, akakunja uso. "We mwanangu, maji gani haya? Juu baridi, chini moto!"

"Sijayachanganya, mama. Chumvi imeyakalisha ya moto chini."

"Haya, msomi. Mimi nilishataka kusema glasi mbovu."

Mama Chumvi alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Kabla ya kuhamia bahari za barafu alishughulikia bahari za joto, ambako jua huchemsha juu na chini hubaki baridi. Huko aliiandikia kompyuta amri moja: kipimo chochote kinachoonyesha chini pana joto kuliko juu, chombo ni kibovu, kifute. Na alipohama, programu aliinakili nzima nzima. Mungu wangu!

Asubuhi aliikuta amri pale pale, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Akaifuta, akarudisha vipimo vyote vya Fundi, akaiendesha bahari. Tabaka likatulia, joto chini, baridi juu, kama alivyolililia miaka yote. Hakufurahi hata kidogo. Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Saa nne akabisha hodi kwa mkuu.

"Vyombo vizima," alisema. "Mbovu nilikuwa mimi."

Mkuu aliivuta karatasi ya safari karibu. Akachukua kalamu, akaliingiza jina la Fundi kwenye orodha.

Kutoka hapo Mama Chumvi alishuka karakana. Fundi alikuwa akifuta bomba la chombo kwa kitambaa cheupe. Mama Chumvi alimweleza yote bila kuzungukazunguka. Mzee akaliweka bomba chini.

"Kwa hiyo vilikuwa safi?"

"Vilikuwa safi, mzee wangu. Tangu mwaka wa kwanza. Nisamehe."

"Maana nilikuwa navisafisha mara tatu tatu," alisema Fundi taratibu. "Nje, kwenye barafu, mikono mitupu, kwa sababu glavu zinaacha nyuzi. Nikasema labda macho yameisha. Mwaka jana nilimwambia mke wangu, mimi si fundi tena."

Mama Chumvi akakaa kwenye sanduku la vifaa, akalia waziwazi. Fundi alimwangalia, akamnyooshea kile kitambaa.

"Chukua, binti yangu. Hicho ni kisafi," alisema. "Nimekifua mara tatu."